Benki zimewahi, mwanafunzi asikurupuke

Juni 2025 benki ya JPMorgan ya Marekani iliwaandikia vijana waliokuwa wakisubiri kuanza kazi ya uchambuzi katika kitengo chake cha benki ya uwekezaji: atakayekubali ofa ya kazi kwingine kabla ya kuanza, au ndani ya miezi 18 ya mwanzo, ataachishwa kazi. Siku chache baadaye Apollo, moja ya kampuni kubwa za mifuko inayonunua makampuni, ikatangaza kwamba mwaka huo haitawasaili vijana wa kuanza kazi mwaka 2027. Nyingine zikafuata. Habari hizo zilipowafikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili katika vyuo vya Marekani, wengi walizipokea kama nafuu. Walidhani wakubwa wameona mbio zimezidi na kwamba sasa mtu anaweza kupumua kidogo kabla ya kuanza kutafuta nafasi Wall Street, yaani katika benki kubwa za New York.

Kwa mwanafunzi hakuna kilicholegea. Agizo la JPMorgan na uamuzi wa Apollo vinahusu vijana ambao benki zimeshawaajiri, na ambao mifuko ilikuwa inawanyakua hata kabla hawajazoea ofisi. Jamie Dimon, mkuu wa JPMorgan, alishalilalamikia jambo hilo hadharani mwaka 2024, na yalikuwa malalamiko ya mwajiri anayeporwa watu. Mlango anaoingilia mwanafunzi ni mwingine: mafunzo ya kazi ya kiangazi kinachofuata mwaka wa tatu. Maombi ya nafasi hizo hufunguliwa akiwa katikati ya mwaka wa pili, na kwa baadhi ya benki mapema zaidi, yaani mwaka mmoja na ushei kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Hoja yangu ni kwamba kuwahi huko kumebadilisha ushahidi ambao benki inautumia kumpima mwombaji, kuliko kulivyobadilisha maswali ya usaili. Wanafunzi wengi wanahangaika na maswali, ilhali kinachowaangusha ni ushahidi.

Kwanza tuone mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Benki ya uwekezaji huzishauri kampuni zinazouzwa au kununua nyingine, na huzisaidia kupata mtaji kwa kuuza hisa na hati fungani. Kazi ya chini kabisa, ya mchambuzi, huwa ya mkataba wa takriban miaka miwili, na nafasi nyingi hujazwa na wanafunzi waliofanya kazi hapo kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho, kwa muda wa wiki 10 hivi. Aliyefanya vizuri anaondoka na ofa mkononi. Aliyekosa kiangazi hicho anabaki kugombania nafasi chache zinazobaki. Kwa hiyo usaili wa mafunzo ya kiangazi ndio usaili wa kazi yenyewe, na anayefanyiwa ni kijana wa miaka 19. Hapo zamani alifanyiwa majira ya baridi ya mwaka wa tatu, miezi michache tu kabla ya kwenda kazini. Hatua kwa hatua kalenda imesogea nyuma hadi hapa ilipo.

Kwa nini imesogea? Watu hupenda kusema ni tamaa ya benki. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu benki nazo zinapata hasara: zinamchagua mtu ambaye hazijaona hata nusu ya masomo yake. Kinachozisukuma ni hofu. Benki moja ikifungua maombi Januari, jirani yake anaogopa kuachiwa makapi, anafungua Desemba. Na benki ndogo za ushauri, zisizo na jina linalojulikana na kila mtu, zina sababu kubwa zaidi ya kutangulia, maana zikisubiri zitashindania watu na Goldman Sachs na Morgan Stanley siku hiyohiyo. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusubiri peke yake bila kuumia. Mchumi Alvin Roth, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, ameuchambua ugonjwa huu kwa kina. Mfano wake mkuu ni madaktari. Kufikia miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilikuwa zikiwapa wanafunzi wa udaktari nafasi za mafunzo karibu miaka miwili kabla ya kuhitimu. Mwaka 1945 vyuo vya udaktari vilikubaliana kutotoa matokeo ya wanafunzi kabla ya tarehe fulani. Kuwahi kukapungua, lakini tatizo likahamia kwenye ofa zenyewe: mwanafunzi anapewa saa chache kujibu ndiyo au hapana. Suluhisho lililodumu lilikuja mwaka 1952, pale wanafunzi na hospitali walipoanza kupeleka orodha za chaguo zao mahali pamoja na kupangwa kwa utaratibu mmoja.

Nimelikalia hili kwa sababu linaonyesha wazi ni nini tusitegemee. Benki moja kubwa kutoa agizo kali hakuponyi chochote, hata agizo likiwa la nia njema. Kunahitajika makubaliano ya pamoja, na waajiri wanaoshindana wakikaa kukubaliana tarehe za kuajiri wanaweza kujikuta wanashitakiwa kwa kuua ushindani. Mpango wa madaktari wenyewe ulishitakiwa, hadi Bunge la Marekani likapitisha kifungu cha kuukinga mwaka 2004. Benki hazina kinga kama hiyo. Mwanafunzi anayeingia chuo leo apange mambo yake akijua kwamba kalenda itabaki hivi, au itasogea nyuma zaidi.

Sasa tujiulize: benki inayofungua faili la mwanafunzi katikati ya mwaka wa pili inaona nini? Inaona mihula mitatu ya alama, na kwa baadhi ya waombaji miwili tu. Haioni kazi yoyote nzito aliyofanya, maana kiangazi alichonacho nyuma yake ni kimoja. Haioni masomo ya juu ya fedha, kwa kuwa bado hajayachukua. Inaona jina la chuo, wastani wa alama, klabu moja au mbili, na pengine jina la mfanyakazi wa ndani aliyesema kijana huyu nimezungumza naye, asailiwe. Basi. Wastani wa 3.5 kati ya 4.0 hutajwa mno kama mstari wa kuchujia, na hesabu yake ni kali: muhula mmoja mbaya kati ya mitatu ni theluthi nzima ya ushahidi, wakati zamani, usaili ulipofanyika mwaka wa tatu, muhula huohuo ulikuwa mmoja kati ya mitano. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeacha hesabu za chuo zimshinde kwa sababu usiku mzima anajifunza kujenga modeli za Excel, yaani majedwali ya kukadiria fedha za kampuni, amekata tawi alilokalia. Faili lake litachujwa kabla hajafika mbele ya mtu wa kumuuliza habari za modeli.

Nao upande wa maswali unahitaji kuangaliwa kwa macho mapya. Kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa na usaili aliniomba nimsikilize, nikamuuliza swali maarufu kuliko yote: uchakavu wa mali ukiongezeka kwa dola 10, taarifa tatu za fedha (ya faida, ya mtiririko wa fedha taslimu, na mizania) zinabadilikaje? Akajibu bila kukwama: faida baada ya kodi inashuka kwa dola 6, fedha taslimu zinaongezeka kwa dola 4, mali za kudumu kama mitambo zinashuka kwa 10, mizania inalingana. Jibu lilinyooka. Nikamuuliza hiyo kodi ya asilimia 40 ameitoa wapi, na kwa nini gharama iongeze fedha taslimu. Kimya. Alikuwa amekariri mwongozo wa zamani, wa kabla ya kodi ya shirikisho ya makampuni ya Marekani kushushwa kutoka asilimia 35 hadi 21 kuanzia 2018. Kwa asilimia 21 pekee faida ingeshuka kwa dola 7.90 na fedha zingeongezeka kwa dola 2.10, kwa sababu uchakavu hautoi pesa mfukoni lakini unapunguza kodi inayolipwa. Jumla ya mali inashuka kwa 7.90 upande mmoja, mtaji wa wenye kampuni unashuka kwa 7.90 upande wa pili. Anayeelewa hilo haogopi ukimbadilishia kodi, ukimbadilishia kiasi, au ukimuuliza itakuwaje kampuni ikiwa haina faida ya kutozwa kodi. Aliyekariri anaanguka kwenye swali la pili, na wasaili wanajua kuuliza la pili.

Wanaoutetea utaratibu wa sasa wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Moja ni kwamba mwanafunzi mwenye ofa mapema anakuwa huru: miaka yake miwili ya mwisho anaweza kusoma historia, falsafa au lugha bila kuangalia nyuma. Nakubali, na wapo walioitumia nafasi hiyo vizuri. Ila uhuru huo ni wa aliyepata, na waombaji walio wengi sana hawapati. Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema zamani maarifa ya usaili yalikuwa ya kurithishana, mtoto wa mwenye benki akifundishwa mezani na baba yake, na leo kila kitu kiko mtandaoni, hivyo mtoto wa dereva anaweza kujiandaa sawa naye. Kuhusu maswali, ni kweli. Majibu ya ufundi yamekuwa ya wote, na hilo ni jambo zuri. Lakini majibu yakishakuwa ya wote hayatenganishi tena mtu na mtu, na uamuzi unarudi kwenye vile vitu vingine: chuo gani, alama gani, nani anakufahamu, na zaidi ya yote, nani alikwambia kwamba maombi yatafunguliwa majira haya ya baridi na si mwaka ujao. Mwanafunzi aliyetoka kwenye familia isiyo na mtu kwenye fani hii mara nyingi hulisikia jina la benki ya uwekezaji kwa mara ya kwanza mwaka wa pili, wakati wenzake wameshatuma maombi. Kadiri kalenda inavyowahi, ndivyo taarifa hiyo ndogo inavyozidi kuwa na thamani kuliko akili na bidii.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayouzwa kwa nguvu zaidi: kwamba kama benki zimewahi mwaka mmoja, mwanafunzi naye awahi miwili. Kuna vijana wa sekondari sasa wanaonunua kozi za modeli za fedha. Kuna wa mwaka wa kwanza wanaogombea vyeo katika klabu tatu za uwekezaji kabla ya mtihani wao wa kwanza. Benki haina namna ya kuona kwamba ulianza ukiwa na miaka 16, na hata ingeona, isingejali. Inaona alama, inasikia jinsi unavyofikiri, inamuuliza mtu wa ndani kama unafaa kukaa naye ofisini hadi usiku wa manane. Maswali ya ufundi, kwa mtu aliyeuelewa uhasibu, yanaandaliwa ndani ya miezi michache. Yakianza miaka mitatu kabla yanachacha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hapa ukingo ni ule muhula wa alama mbaya.

Wapo pia wanaosema tusijisumbue, mashine zitaifuta kazi hii ya uchambuzi. Mwezi Januari 2025 David Solomon wa Goldman Sachs alisema kwamba asilimia 95 ya waraka wa S-1, ule unaowasilishwa kampuni inapotaka kuuza hisa kwa umma, sasa inaweza kuandikwa na akili unde kwa dakika chache, kazi ambayo zamani ingechukua watu sita na wiki mbili. Idadi ya wachambuzi inaweza kupungua, na anayejiandaa leo alijue hilo. Ila mwelekeo wa hoja hiyo unaunga mkono ninachokisema. Asilimia 5 inayobaki ni ya mtu anayejua kwa nini namba iko pale ilipo, anayeona kosa mashine isipoliona, anayeweza kumweleza mteja kwa maneno yanayoeleweka. Kijana aliyetumia mwaka wake wa kwanza kukariri amejifunza hasa kile ambacho mashine inakifanya vizuri kuliko yeye.

Basi ajiandae vipi? Uhasibu uje kwanza, tena darasani, kwa alama. Ninaposema hivi wanafunzi hunung'unika kwamba uhasibu unachosha, na mimi nabaki palepale: ndiyo lugha ambayo mambo mengine yote ya fani hii yanazungumzwa. Pili, asome nyaraka za kweli. Tume ya Hisa na Dhamana ya Marekani ina hazina ya EDGAR, iliyo wazi kwa mtu yeyote bila malipo, na humo mna kitu ambacho kozi nyingi za kulipia hazikionyeshi. Kampuni ya umma inapouzwa, wanahisa hupelekewa waraka unaoeleza jinsi mapatano yalivyokwenda na jinsi benki zilivyoipima thamani ya kampuni. Chukua mauzo ya LinkedIn kwa Microsoft, yaliyotangazwa Juni 2016 kwa dola 196 kwa hisa, jumla dola bilioni 26.2. Waraka wake unasimulia mnunuzi mwingine aliyeitwa humo Mhusika A, ambaye vyombo vya habari vilimtambua kuwa Salesforce, akiendelea kupandisha dau la fedha na hisa hata Microsoft ikalazimika kupanda kutoka dola 182 hadi 196. Ndani yake mna makadirio ya mapato, viwango vya kupunguzia thamani ya fedha za baadaye, na kampuni zilizotumika kulinganisha. Mwanafunzi aliyesoma waraka mmoja wa namna hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi, akaandika ukurasa mmoja wa maoni yake, ana jambo la kuzungumza kwa nusu saa na msaili yeyote. Na hajalipa kitu.

Tatu ni watu. Hapa pameharibika sana. Wanafunzi wanafundishwa kutuma ujumbe uleule kwa mamia ya wafanyakazi wa benki, na wafanyakazi wanaunusa ujumbe wa namna hiyo kutoka mbali. Mazungumzo machache na waliosoma chuo chako, miaka miwili mitatu mbele yako, yana faida kuliko hayo mamia, hasa ukienda na swali la kweli. Swali mojawapo la kweli ni maisha yenyewe yakoje. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs waliandaa utafiti wao wa ndani ulioonyesha wanafanya kazi wastani wa saa 95 kwa wiki. Ulipovuja, benki kadhaa zilipandisha mshahara wa mwanzo hadi dola 100,000 na zaidi. Mwaka 2024 JPMorgan iliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki, kwa mazingira mengi, si yote. Kijana wa miaka 19 anayeombwa aamue maisha hayo mwaka na nusu kabla ana haki ya kusikia kutoka kwa mtu anayeyaishi, kabla ya kusema ndiyo. Kwa wasio na mtu wa kuwashika mkono zipo njia zilizojengwa kwa ajili yao. Shirika la SEO la New York limekuwa likiwafikisha Wall Street wanafunzi wa jamii zilizoachwa nyuma tangu 1980, na benki nyingi zina programu za mwaka wa kwanza na wa pili. Maombi yake nayo hufunguliwa mapema, kwa hiyo mtu aulize ofisi ya ajira ya chuo wiki za mwanzo kabisa.

Mwanafunzi wa kigeni ana jambo moja la ziada ambalo halisubiri. Baada ya kuhitimu sheria humruhusu miezi 12 ya kufanya kazi kwa viza ya mwanafunzi, na miezi 24 zaidi ikiwa shahada yake imeorodheshwa katika sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Shahada mbili zenye majina yanayofanana, moja ya uchumi wa kawaida na nyingine ya uchumi wenye hesabu nyingi, zinaweza kuwa upande tofauti wa mstari huo. Kuijua tofauti hiyo mwaka wa kwanza ni rahisi. Kuigundua mwaka wa tatu kunaweza kugharimu kazi.

Anayenisumbua zaidi ni mwanafunzi aliyeanzia chuo cha jamii cha miaka miwili, akafaulu, akahamia chuo kikuu kizuri mwaka wa tatu. Kwa viwango vyote tunavyodai kuvithamini, huyo amefanya kila kitu sawasawa. Anafika Septemba na kukuta nafasi nyingi za kiangazi kijacho zimeshagawiwa, kwa watu waliosailiwa wakati yeye bado anaunganisha masomo na kazi ya jioni. Hakuna ushauri ninaoweza kumpa unaofuta hilo. Kinachoweza kulifuta ni benki kutenga sehemu ya nafasi kwa usaili wa vuli ya mwaka wa tatu na kusema hadharani ni ngapi. Benki moja inaweza kufanya hivyo peke yake bila kumsubiri jirani, kwa sababu hailazimiki kuacha kuwahi kwa nafasi zilizobaki, na itawapata watu ambao washindani wake hawakuwaona. Vyuo navyo vina la kufanya ambalo halihitaji idhini ya Wall Street. Vingi bado vinaweka uhasibu wa kwanza mwaka wa pili, kwa hiyo mwanafunzi anasailiwa juu ya somo ambalo hajafundishwa, na aliyejifunzia nyumbani anaonekana mwerevu kuliko mwenzake. Somo hilo lingeweza kuhamishiwa muhula wa kwanza kwa anayelitaka, na ofisi ya ajira ikatuma kalenda ya maombi kwa kila mwanafunzi mpya, bila kumsubiri yule anayejua kuja kuiuliza.